Nani Kamnyonyesha Mtoto?

Siku mliyoniaga mlitaka nihutubie. Nikala keki, nikafuta vidole, nikasema, "Ahsanteni, Mungu awazidishie," nikakaa. Mkadhani machozi yamenizidi. Hayakunizidi machozi. Nilikuwa na hasira, na hasira haisemeki vizuri mdomo ukiwa umejaa keki. Sasa niko nyumbani, mahali pekee duniani ninapopajua, meza ya jikoni iko mbele yangu, chai ya tangawizi imepoa ninavyopenda, na hakuna wa kunikatiza isipokuwa mume wangu, ambaye amekwisha kujifunza.

Nyinyi vijana wa kliniki mnanijua. Mimi ni mtu wa ndani. Kliniki ya homoni ya hapa Ibra, Omani, niliipenda kwanza kwa sababu kutoka mlangoni kwangu ni karibu, hata chakula nilichoacha jikoni hakiwahi kupoa kabla sijarudi. Waliponitaka niende Nizwa kwa mafunzo, nilishikwa na kikohozi. Waliponitaka Sur, kikohozi kilekile, ila kimekua. Wagonjwa wa Misfat al Abriyeen walinialika mara ngapi nikaone mashamba yao ya ngazi ngazi mlimani, wakisema hata wazungu wanakuja kulala kule kwa pesa zao. Nikawajibu inshaallah, ile inshaallah yetu ya kukataa kwa adabu. Lakini sikukosa kitu. Mikoa yetu, Sharqiyah nzima na Dakhiliyah yake, ilikuja yenyewe mbele ya meza yangu, ikakaa, ikangoja kuitwa. Nimezunguka nchi nikiwa nimekalia kiti kimoja, na kiti chenyewe kibovu.

Elimu yangu ni ya sekondari, nayo niliimaliza kwa dua za mama yangu kuliko kwa jitihada zangu. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu, kuwapima uzito na kimo, na kusimama chumbani daktari anapomkagua mwanamke, ili asiwe peke yake na mwanamume. Si kazi ya kuandikiwa vitabu. Lakini mtu anayesimama kimya ndani ya chumba anasikia mengi, na mimi kwa kusikia nilipewa kipaji. Mume wangu anakiita kwa jina jingine.

Siku ya kwanza kabisa niliambiwa nikapanguse meza ya daktari. Nikakuta juu yake tasbihi iliyosahauliwa. Tasbihi yenyewe ya ajabu: shanga za mbao zenye umbo la yai, zinaanza ndogo kama punje ya kunde, zinakwenda zikinenepa hadi ya mwisho kama yai la njiwa. Nikasema moyoni, huyu mwenyewe mcha Mungu kweli, kila akizidi kuvuta na thawabu zinakua. Nikaishika nikaanza, subhanallah, subhanallah. Nilikuwa nimefika shanga za katikati alipoingia Sista Thuwaiba.

Thuwaiba alikuwa nesi mkuu wa kliniki, mtu wa asili ya Pemba, mwembamba kama sindano zake na mkali kama spiriti yake. Yote niliyoyajua ya kazi nimeyapata kwake.

"Bi Nasra," akasema taratibu, "unajua hiyo ya nini?"

"Tasbihi."

"Hiyo ya kupimia wavulana waliochelewa kubaleghe. Daktari anashika shanga mkono mmoja, na mkono wa pili analinganisha na amana zao."

Nikaiweka chini kama inaungua. Nikenda nikanawa mpaka viwikoni.

"Endelea mpaka miguuni," akanambia kutoka mlangoni. "Utie udhu kabisa. Na hizo ulizovuta sijui utaziandikisha wapi."

Jioni ile, baada ya kucheka mpaka akalazimika kukaa, ndipo aliponieleza kliniki yetu inatibu nini. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama njegere. Madaktari wanaiita pituitari. Waarabu wanasema gudda nukhamiya. Kidude hicho ndicho kinachotoa amri ya maziwa, hedhi, kimo, nguvu, mpaka kiu ya maji.

"Kama mama mkwe," akasema Thuwaiba. "Humwoni jikoni, lakini hakipikwi kitu bila amri yake."

Mtanisikia nikilirudia neno hilo huko mbele, na sitacheka.

Vifaa vyetu vya siku zile vilikuwa vichache. Mizani, utepe wa kupimia, bakuli la pete za plastiki za kila saizi za kupimia vidole vilivyovimba, na pini yenye kichwa chekundu ambayo daktari aliisogeza polepole kutoka ubavuni mwa uso huku akikuuliza umeiona lini. Tezi ikivimba inakandamiza mishipa ya macho, na mtu anaacha kuona pembeni bila mwenyewe kujua. Na kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa picha ya arusi. Nilikuwa nawaambia watu kwa simu, njoo na picha yako ya zamani. Kioo hakikuambii kitu, kwa kuwa unajitazama kila siku. Picha haikuonei haya.

Nawaambia sasa jambo ambalo hamtalikuta kwenye mafunzo ya Nizwa, ambayo nyinyi mnayahudhuria bila kukohoa. Kila aliyekuja na ugonjwa wa njegere ile aliingia kwetu akiwa na jina alilokwisha kupewa na watu wake. Hakuna hata mmoja aliyekuja na jina jema.

Kulikuwa na mwalimu wa Sur ambaye pete yake ilibidi ikatwe na sonara, na viatu akanunua vikubwa, tena vikubwa, taya likamtoka, meno yakaachana. Wenzake skuli wakamwita mwenye raha, kanenepa kwa mke mpya. Mke mpya mwenyewe hakuwepo, lakini habari zilimfika mke wa zamani, na nyumba ikawaka moto. Kulikuwa na kijana aliyegonga kila kizingiti na kumwaga kila kikombe; yeye aliitwa zuzu, wakambadilishia miwani na miwani tena, mpaka daktari alipomwonyesha ile pini na akawa haioni. Kulikuwa na msichana wa skuli aliyefura uso mduara na kuota michirizi ya zambarau tumboni. Mlafi, alisema mama yake, wakamfungia mlango wa jikoni.

Na kulikuwa na bibi arusi wa upande wa Nizwa, hata henna haijafutika vizuri, anatokwa na maziwa na hajawahi kushika mimba. Uvimbe mdogo tu kwenye tezi, wa kutibiwa kwa vidonge, wala si vya kumeza kila siku. Lakini kabla hajatufikia sisi alikwisha kufikishwa kwa wifi zake, na mawifi walikaa baraza, wakasoma kitabu chao, wakatoa hukumu: mwanamke mwenye maziwa ana mtoto mahali. Akarudishwa kwao. Kapewa talaka kwa njegere! Alipopona na hedhi ikarudi, yule mwanamume akaja kliniki kuniuliza mimi, mbele ya meza yangu, kama nadhani atakubali kumrudia. Nikamwambia kikohozi kimenishika, siwezi kujibu.

Mnaona kwa nini keki ilinikwama.

Lakini hasira yangu kubwa si hiyo. Hasira yangu kubwa ni ya nani anayejibu.

Mwanamke anaingia chumbani, mume au kaka yuko mbele. Daktari anamwuliza mwanamke, hedhi yako vipi? Mwanamume anajibu, alhamdulillah, nzuri. Nzuri! Kaiona wapi? Kaka mmoja aliulizwa dada yake anaumwa kichwa upande gani, akajibu haumwi kichwa, na dada amekishika hichohicho kichwa kwa mikono miwili. Daktari Bashir wetu, Msudani mpole, mwenye subira ya mtu wa kuvua kwa ndoana, aliuliza mara mbili, mara tatu, kwa njia tofauti. Jibu lilitoka mdomo uleule.

Thuwaiba akatafuta dawa. Aliihamishia mizani kwenye chumba cha ndani, akaning'iniza pazia, na mwanamume yeyote akitaka kufuata akamwambia kwa uso mkavu, "Samahani ami, mizani hii haipendi wanaume. Inakosea." Nao wakaamini, masikini, wakabaki nje wakichezea simu. Nyuma ya pazia lile mwanamke akipanda kupimwa, Thuwaiba anauliza, mwanamke anasema. Nusu ya kazi ya kliniki ile ilifanyika juu ya mizani. Wengine walishuka wepesi kuliko walivyopanda, nami naapa sikosei kusoma kilo.

Mizani ilitusaidia kwa wanaume. Kwa mama mkwe hatukuwa na kitu.

Sasa namfikia Zuwena.

Aliletwa na mama mkwe wake, Bi Shamsa, bibi mkubwa wa hapa Ibra, aliyezaliwa Unguja na kurudi na Kiswahili chake chote, hakikupungua hata kipande. Bi Shamsa alitangulia. Nyuma yake mwanamke wa makamo anavuta miguu, mweupe kama karatasi, nyusi zimenyonyoka, na chini ya abaya kavaa sweta la sufi. Nje jua lilikuwa la kukaangia mayai.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani? Mumeo bado anakuvumilia?"

"Ananivumilia, bibi."

"Mshukuru Mungu. Huyu mkwe wangu Zuwena, mke wa mwanangu Nassor. Usijisumbue kumwamkia kwa Kiswahili, hajui neno. Mtu wa milimani huyu, wa Dima wa Tayyin. Tulimchagua kwa uzuri. Kumbe tumechagua godoro."

"Bi Shamsa!"

"Nakwambia kweli. Kutwa kalala. Mwambie apike, kachoka. Mwambie twende mazikoni, kachoka. Kazaa mtoto mmoja tu, Khalfan, basi, kachoka. Mimi nimejaza nyumba, nani kaniona nimechoka?"

Yote haya kwa sauti, kwa Kiswahili, juu ya kichwa cha mwenyewe. Zuwena alikuwa anatazama vidole vyake.

"Basi mnataka nini kwa daktari?"

"Sindano ya nguvu. Khalfan anaoa tukimaliza sikukuu. Mama wa bwana arusi lazima asimame mlangoni apokee wageni, ndiyo heshima ya watu. Mtieni sindano asimame siku moja. Ikipita arusi, alale mpaka kiama. Na kama sindano hamna, semeni mapema, nimsimamishe binti yangu Rayya mahali pake."

Zuwena akainua uso alipotajwa Rayya. Nilidhani kalisikia jina tu.

Ndani kwa Daktari Bashir nilisimama mahali pangu pa siku zote, karibu na ukuta. Aliuliza kwa Kiarabu, polepole, akimtazama Zuwena. Hedhi? Bi Shamsa akajibu kwamba ilikatika mapema, ndivyo walivyo kwao. Baridi? Anadeka. Dawa zozote? Kituo cha afya walimpa vidonge vya tezi ya shingo, akavinywa, vikazidi kumlaza. Huyu hataki kupona. Daktari akakunja uso aliposikia hivyo. Akaweka kalamu.

"Ulipojifungua," akamwuliza Zuwena, "ulimnyonyesha mtoto?"

Zuwena akafungua mdomo.

"Mtoto kanyonya miaka miwili kamili," akasema Bi Shamsa, "kama Mungu alivyoamrisha. Mwangalie leo alivyo, mashaallah, mlango haumtoshi."

Zuwena akafunga mdomo. Daktari akamtazama kidogo, akaiokota kalamu. Alisema vile vidonge vya shingo visimame kwanza, akaagiza damu ichukuliwe, wangoje.

Wakangoja kwenye viti mbele ya meza yangu, na mimi, kwa kuwa mtu wa ndani hutembea kwa masikio, nikauliza Khalfan anaoa wapi.

"Kwa watu wa Nizwa," Bi Shamsa akasikitika. "Kuna gari ya kwenda, lakini moyo hauna gari. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa binti wa Rayya. Mtoto mpole, kasoma, jikoni anaijua chumvi. Lakini haiwezekani. Nduguye."

"Nduguye vipi, si mtoto wa shangazi yake?"

"Nduguye wa ziwa! Khalfan kanyonya kwa Rayya, na si matone mawili ya kubishaniwa. Kanyonya kashiba, mpaka kaacha ziwa. Shekhe tulimwuliza, kasema haramu, msijisumbue."

Nikamwambia haramu ni haramu, pole bibi, na papo hapo nikaanza kumtajia mabinti wa jirani zangu, maana katika mambo ya posa najiona nina digrii. Nilikuwa nimefika kwa binti wa tatu, mwenye kengeza kidogo lakini tabia nzuri, Sista Thuwaiba alipopita na trei ya chupa za damu. Akapita. Akasimama. Akarudi kinyumenyume.

"Bi Shamsa. Kwa nini Khalfan alinyonya kwa Rayya?"

"Mama yake hakuwa na maziwa."

"Machache, au hata tone?"

"Hata tone. Kakauka kama jiwe la mto mkavu. Tukasema kijicho, tukamsomea."

"Na siku ya kuzaa damu ilikuwa kiasi gani?"

"Damu ya uzazi ni damu ya uzazi, mwanangu." Bi Shamsa akatazama ukuta. "Godoro tulilitupa."

"Alizimia?"

"Alizimia. Hospitali wakamtia damu za watu. Lakini si alirudi mzima?"

Thuwaiba akaiweka trei juu ya meza yangu. Miaka yote hakuwahi kuiweka pale.

"Daktari si kauliza kama alinyonyesha?"

"Nimweleze mwanamume wa watu kwamba mkwe wangu kavu? Aibu hiyo unaijua wewe?" akafoka Bi Shamsa. "Na uongo sikusema. Mtoto kanyonya!"

Thuwaiba aliiacha trei palepale. Aliingia kwa daktari bila kubisha mlango. Nikamsikia Daktari Bashir, yule mpole, akipiga meza kwa kiganja. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," akasema. "Nimeuliza, nikafungiwa mlango."

Akawaita ndani wote, na safari hii alimgeuzia Bi Shamsa bega. Alimweleza Zuwena kwamba mwanamke akibeba mimba tezi ile inakua, inataka damu nyingi. Akija akamwagika damu sana siku ya kuzaa, tezi inakosa riziki, inakufa. Halafu vyote ilivyokuwa ikiviamrisha vinaondoka kimoja baada ya kimoja: maziwa kwanza, kisha hedhi, nywele, joto, nguvu. Si uvivu. Si kijicho. Na mwili usiokuwa na kotisoni, homoni ya kuhimili maradhi, uko khatarini. Homa moja tu, au kisu kimoja cha operesheni, ingeweza kumwua. Vile vidonge vya shingo peke yake, bila kotisoni kutangulia, vilikuwa kama kumchapa fimbo punda asiyelishwa.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?" Zuwena akauliza kwa Kiarabu. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Mgonjwa," akasema daktari. "Siku nyingi sana."

Akalia. Si kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyeshitakiwa wizi na ulimwengu mzima, kisha mwizi akapatikana.

Alilazwa siku ileile. Damu ilipothibitisha, wakampiga picha ya kichwa, na mahali pa tezi hapakuwa na kitu cha maana. Madaktari wanasema kiota kitupu. Kotisoni kwanza, dawa ya tezi ya shingo baadaye, utaratibu huo msiupindue hata mtu akikuombeni kwa machozi.

Sasa niacheni niseme nililokuja kulisema.

Khalfan alikuwa mwanamume wa kuoa. Hesabuni wenyewe mama yake alikaa kwenye sweta lile muda gani. Na muda wote huo, nyumba nzima, mtaa mzima, mpaka shekhe, walijua kwa yakini kwamba mtoto huyu hakunyonya kwa mama yake. Walilihifadhi jambo hilo vizuri kuliko dhahabu. Tone kwa tone wanajua! Sisi watu wa huku tukitaka kujua nani kanyonya kwa nani, bibi wa miaka themanini aliyesahau jina lake atakutajia, kwa kuwa kuna ndoa ndani yake, kuna ukoo, kuna haramu na halali. Sikatai, ni dini yetu na ni nzuri. Lakini hakuna mmoja, si mwenye ndevu si mwenye shela, aliyegeuza shingo kidogo tu kumwuliza yule mama: na wewe, kwa nini hukuwa na maziwa? Maziwa ya Rayya yalikuwa na shahidi. Ukavu wa Zuwena haukuwa na mtu. Walimfanyia kazi ya kumsema. Na vituoni alikopita wakamwandikia "nafsiya", mambo ya nafsi, kwa sababu kila alipoulizwa walijibu wengine, naye akabaki na alhamdulillah.

Haya, chai imepoa kupita kiasi. Nimeongeza maji ya moto.

Walirudi kwetu baada ya wiki kadhaa. Nilimwona kwanza Bi Shamsa, nikatafuta sweta nyuma yake. Hapakuwa na sweta. Palikuwa na mwanamke ana rangi usoni, anatembea ubavuni mwa mkwewe, hatangulizwi wala hafuati.

"Umemwona?" Bi Shamsa akanilalamikia kwa Kiswahili, kama kawaida yake, juu ya kichwa cha mwenyewe. "Mmenipa mtu mwingine. Sasa mchana halali. Jana kanambia mchuzi wangu chumvi imezidi. Kanambia mimi!"

"Ilizidi, mama," akasema Zuwena.

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, cha nyumba ileile, hata ule mvuto wa Bi Shamsa mwishoni mwa neno.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, ikaanguka, nikaiacha huko ilikokwenda.

"Umejua lini Kiswahili, wewe?" Bi Shamsa akauliza.

"Tangu Khalfan anatambaa."

"Basi ulikuwa unasikia..."

"Yote. Nilikuwa nimechoka kujibu."

Watu wa kwenye viti waliacha kuchezea simu. Bi Shamsa alijipangapanga shela, akaivuta huku, akaivuta kule. Zuwena hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma bei ya nyanya.

"Siku ya posa mlikaa mkakumbuka nani kamnyonyesha mwanangu. Hamkuuliza kwa nini si mimi."

Nilimngoja Bi Shamsa ajibu, maana sijapata kumwona akikosa jibu. Aliufungua mkoba wake, akapekua, akatoa chupa ya maji, akaifungua kizibo, akamkabidhi.

"Saa ya dawa yako hiyo," akasema. "Kunywa."

Kama huko ni kuomba radhi, sijui. Mimi nisingeikubali, lakini mimi ni mtu mbaya na kazi yangu ilikuwa kupima uzito tu. Zuwena aliyapokea maji akanywa.

Basi nyinyi mnaokaa kwenye kiti changu sasa, na nasikia mmekibadilisha, sina uchungu: mashine zenu ni nzuri, picha za kichwa zinatoka kabla mtu hajavaa viatu. Lakini mashine haimtoi mama mkwe chumbani. Mtoeni nyinyi. Mwambieni mizani haimpendi, mwambieni kuna kahawa nje, mzulieni chochote. Mkimpata mwanamke mchovu, baridi, hedhi imemkatika baada ya uzazi, mwulizeni yeye nani kamnyonyesha mtoto. Akikutajieni mtu mwingine, msiishie kwenye ndoa za watoto kama nilivyoishia mimi na yule binti wa jirani mwenye kengeza. Ulizeni la pili. Ulizeni kwa nini.

Arusi nilialikwa. Mnajua nilivyo na arusi: viatu vinabana, ngoma zinapiga mpaka ndani ya meno, na wali unafika ulimwengu umekwisha kulala. Nilikuwa nimekwisha kuliandaa koo langu kwa kikohozi. Mume wangu akanitazama, akasema, "Hii utakwenda," akatoka akaliwasha gari.

Ukumbini upande wa wanawake kulikuwa na foleni mlangoni. Rayya alikuwa ndani amekaa mbele pamoja na wazee, kama anavyostahili mama wa ziwa, na Bi Shamsa yuko pembeni yake anawagombeza watu wa udi. Mlangoni amesimama mmoja peke yake, nguo ya kijani, dhahabu kifuani, anampa kila mgeni mkono na habari za nyumbani, wa Kiarabu kwa Kiarabu, wa Kiswahili kwa Kiswahili. Walikwisha kumwekea kiti nyuma yake. Kiti kilikuwa kimejaa mikoba ya wageni.

Ilipofika zamu yangu alinishika mikono miwili. Yake ilikuwa ya moto. Akaviangalia viatu vyangu, akaniona ninavyoegemea mguu mmoja.

"Karibu, Bi Nasra," akasema. "Ingia ndani ukae. Mimi nasimama."